UZI: Volti, omu na wati za maikrowevu. Viwango vya taifa vinafanya kazi gani kiwandani?

MzeeWaOmu (mleta mada)

Wakuu, nauhamishia huku ubishi uliokuwa unaharibu uzi wa watu. Muuzaji wa amplifaya ya maikrowevu anasema chombo chake kinatoa wati 40. Mnunuzi kakipokea, kakipima, kapata wati 36. Wote wawili wana mita mpya zenye stika ya ugezi (kalibresheni) ambayo haijaisha muda, na kila mmoja anamwona mwenzake tapeli. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Sitaki kuamua kesi, karatasi zao hatujaziona. Ninachotaka tujadili ni kile kinachofanya kesi ya namna hiyo iweze kuamulika: kwamba ipo wati moja ambayo si ya muuzaji wala ya mnunuzi. Hiyo ndiyo kazi ya viwango vya taifa vya umeme na maikrowevu, na humu naona wengi wanaichukulia kuwa urasimu wa stika.

Kipimo cha ukinzani kilianza kutakiwa na watu wa telegrafu. Miaka ya 1850 na 1860 kampuni zilikuwa zinalaza kebo chini ya bahari. Kebo ikipata hitilafu, njia ya kujua iko wapi ni kupima ukinzani ukiwa ufukweni, kisha kugawanya kwa ukinzani wa kila kilomita. Sasa kama mtengeneza kebo ana kipimo chake na fundi wa ufukweni ana chake, meli inakwenda kuvua kebo nzima mahali pasipo na tatizo. Mwaka 1860 Werner von Siemens akapendekeza kipimo cha zebaki: safu ya urefu wa mita 1, mkato wa milimita 1 ya mraba, kwenye nyuzi 0. Mwaka 1861 British Association ikaunda kamati ya viwango vya umeme, William Thomson akiwamo, na baadaye James Clerk Maxwell akajiunga. Kongamano la Chicago la 1893 likaafikiana juu ya omu ya kimataifa: zebaki tena, safari hii sentimita 106.3.

Taasisi za taifa za vipimo zikafuata. Ujerumani ilianzisha PTR mwaka 1887, Siemens huyohuyo akiwa mstari wa mbele kuipigania na Helmholtz akawa rais wake wa kwanza. Uingereza ikaanzisha NPL mwaka 1900, na Marekani NBS mwaka 1901, ambayo leo inaitwa NIST. Angalieni miaka hiyo. Ni wakati viwanda vya jenereta, taa na mota vinaanza kuuziana vitu kuvuka mipaka.

Karibuni.

Sheshe_77

Shikamoo mzee. Historia tamu, ila ni ya enzi za zebaki. Mimi nina maltimita ya tarakimu 6½, imetoka kiwandani na cheti chake. Mafundi wangu wanapima volti 24 za kontrola na volti 400 za mota. Kila mwaka naambiwa niipeleke maabara. Ya nini? Namba zinasomeka vizuri tu.

MzeeWaOmu

Marahaba. Wingi wa tarakimu unakuonyesha mita inaweza kutofautisha vitu vidogo kiasi gani. Kama inachokisoma ni kweli, hilo ni jambo jingine kabisa, na tarakimu hata zikiwa 8 haziligusi.

Ndani ya mita yako kuna diodi ya zener. Hiyo ndiyo volti pekee ambayo mita inaijua. Kila unachopima kinalinganishwa nayo. Diodi inazeeka, taratibu mno, na mita haiwezi kugundua kwa sababu haina kingine cha kujilinganisha nacho. Lazima mtu alete kitu cha nje. Ndiyo ugezi huo: mita inalinganishwa na kalibreta (chombo kinachotoa volti zinazojulikana), kalibreta inalinganishwa na rejea ya volti 10 iliyoko kwenye maabara yenye ithibati, rejea hiyo inalinganishwa na kiwango cha taifa. Kila hatua inaandikwa pamoja na shaka yake, ile namba inayokaa baada ya alama ya ±. Hatua moja ikikosa shaka yake, mnyororo umekatika hapo, stika ing'ae vyovyote.

Kwa volti 24 za kontrola niko upande wako, mita ikikosea volti 0.01 hakuna kitakachosimama. Usiache kuipeleka, ila weka matokeo ya kila safari kwenye jedwali. Ukiona haisogei, refusha muda. Huo mwaka mmoja hautoki popote patakatifu. ISO/IEC 17025 yenyewe, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, inaikataza maabara kuandika pendekezo la muda kwenye cheti cha ugezi mpaka iwe imekubaliana na mteja. Mwenye kuamua ni wewe, kwa kuangalia takwimu zako.

MhasibuKiwanda

Mzee, mimi si fundi, ndiye ninayesaini malipo ya hayo maabara. Naomba mnieleweshe kwa lugha ya hasara na faida. Nikiacha kulipa, nini kinanitoka?

MzeeWaOmu

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Chukua kiwanda cha resista. Mnauza resista za omu 1000 kwa ustahimilivu wa asilimia 0.1, yaani kila moja iwe kati ya 999 na 1001. Kifaa cha kupimia kina shaka ya omu 0.25. Resista ikisoma 1000.9, je, ni nzuri? Huenda ni 1000.65, huenda ni 1001.15. Hujui. Kama umemuahidi mteja kwamba hatapata mbovu, inabidi ukate mipaka kwa ndani: upokee zinazosoma kati ya 999.25 na 1000.75 tu. Robo ya ustahimilivu uliomtangazia mteja imeliwa na kifaa chako, na humo mnatupa resista nzuri kila siku.

Lete kifaa chenye shaka ya omu 0.05, mipaka inakuwa 999.05 hadi 1000.95. Malighafi ileile, mashine ileile, resista zinazotupwa zinapungua. Shaka hiyo ndogo hainunuliki dukani peke yake. Unaipata kwa sababu juu ya kifaa chako kuna maabara yenye shaka ndogo zaidi, na juu yake nyingine, hadi kwenye kiwango cha taifa. Kila ngazi inakula kidogo. Mafundi wana kanuni ya kukadiria, kwamba kifaa kiwe bora mara 4 kuliko ustahimilivu unaoupima. Sasa ukiwa na ngazi tano, anzia chini uzidishe, utaona kwa nini huko juu wanahangaika na namba zinazoonekana za kichaa.

FundiMita

Niongezee upande wa nishati, maana ndiko kwenye riziki yangu.

Kiwanda kinavuta megawati 50 usiku na mchana. Mita ya daraja la 0.2S inaruhusiwa kukosea asilimia 0.2, ambayo hapo ni kilowati 100. Kwa mwaka wa saa 8,760 hizo ni kWh 876,000. Ama kiwanda kimezilipia bila kuzitumia, au mwenye gridi kazitoa bure, na mita iko ndani ya daraja lake, hakuna aliyechezea waya. Mhasibu, zidisha kwa bei yenu kisha uniambie kama ugezi ni ghali.

Halafu watu wanasahau kwamba mita hiyo haishiki laini kubwa moja kwa moja. Katikati kuna transfoma za mkondo na za volteji, kila moja na kosa lake la ukubwa na kosa lake la pembe. La ukubwa kila mtu analikumbuka. La pembe ndilo linalokula kimyakimya. Pawa fakta (kosaini ya pembe kati ya volteji na mkondo) ikiwa 1 hulioni kabisa. Ikishuka hadi 0.5, kosa la pembe la miliradiani 1 linageuka asilimia 0.17 ya nishati. Karibu daraja zima la mita limekwisha hapo, na mita yenyewe haijakosea chochote. Mimi nimeona watu wakibadilisha mita mara kwa mara wakati tatizo liko kwenye transfoma iliyobebeshwa mzigo usio wake.

Ndiyo maana maabara za taifa zinatunza kiwango cha nguvu ya umeme wa AC kinachoshika volteji, mkondo na pembe kati yao kwa pamoja. Ukipima volteji peke yake na mkondo peke yake hujapima nishati.

DadaRada

Nimesubiri mfike kwenye maikrowevu naona mnazunguka tu. Nanyanyua kalamu.

Kwanza, Sheshe, kule kwetu maltimita yako haina kazi. Kwenye 10 GHz urefu wa wimbi ni sentimita 3. Volteji kwenye kebo inabadilika ukisogea upana wa kidole, kwa hiyo swali la "hapa kuna volti ngapi" halina jibu moja. Tunapima vitu viwili: nguvu inayopita, na kiasi kinachoakisiwa kurudi kilikotoka.

Nguvu inapimwa kwa joto. Kichwa cha mita cha aina ya zamani, ambacho maabara za viwango hazijakiacha, kina thamista ndogo, yaani resista ambayo ukinzani wake hubadilika kwa joto. Daraja la DC linaishikilia kwenye ukinzani mmoja, kwa kawaida omu 200. Maikrowevu ikiingia inaipasha thamista, daraja linapunguza DC mpaka ukinzani urudi ulipokuwa. DC iliyopunguzwa ndiyo nguvu ya maikrowevu iliyoingia.

Karibu ndiyo. Sehemu ya mawimbi inapotelea kwenye kuta za konekta na kiungo, inapasha chuma badala ya thamista, na daraja halioni. Hapo ndipo kiwango cha taifa kinapofanya kazi ambayo kiwanda hakiwezi kujifanyia. Wanakiweka kichwa kizima ndani ya kalorimita ndogo iliyozibwa dhidi ya joto la nje, wanapima joto lote, la thamista na la kuta, wanalinganisha maikrowevu na DC. Kinachotoka ni ufanisi wa kichwa hicho kwa kila masafa. Ni kazi ya polepole, kila masafa unasubiri joto litulie upya. Kutoka kwenye kichwa hicho wanahamishia namba kwenye vichwa vya wateja, na hiyo "cal factor" unayoiingiza kwenye mita yako asili yake ni huko.

Kwa hiyo wati ya maikrowevu imesimama juu ya DC. Na DC ni volti na omu. Mzee, hebu waambie volti ya leo inatengenezwa na nini.

MzeeWaOmu

Na maikrowevu! Umenimalizia utamu lakini sawa.

Kwa miongo mingi volti ilikuwa kwenye chupa, seli ya Weston ya 1893, takriban volti 1.0186 kwenye nyuzi 20. Ilikuwa inadeka vibaya mno. Nyuzi moja ya joto inaisogeza mikrovolti 40 hivi, na ukiisafirisha ikatikiswa unaisubiri itulie ndipo uiamini. Mwaka 1962 kijana wa miaka 22 pale Cambridge, Brian Josephson, akatabiri kwamba superkondakta mbili (metali zisizo na ukinzani kwenye baridi kali) zikitenganishwa na tabaka jembamba la kihami zitakuwa na tabia ya ajabu. Ukizimulika kwa maikrowevu, volteji inapanda kwa ngazi, na urefu wa ngazi unategemea masafa peke yake: masafa gawanya kwa GHz 483,597.8484 kwa kila volti. Haijalishi chuma gani, haijalishi chipu imetengenezwa na nani. Akapewa Nobeli 1973.

Ngazi moja kwenye 70 GHz ni mikrovolti 145 hivi, kwa hiyo ili ufike volti 10 unapanga makumi ya maelfu ya viungo kwenye chipu moja, unaizamisha kwenye baridi ya kelvini 4. Chipu zinazotumia 18 hadi 20 GHz zina viungo zaidi ya laki mbili. Masafa yenyewe yanatoka kwenye saa ya atomi ya sizi, mitetemo 9,192,631,770 kwa sekunde. Omu nayo ilihama kwenye zebaki na waya, ikaenda kwa Klaus von Klitzing, aliyegundua mwaka 1980 kule Grenoble kwamba ukinzani kwenye tabaka jembamba la semikondakta, kwenye baridi kali na sumaku kubwa, unakaa kwenye ngazi zilizopangwa. Ngazi inayotumika zaidi ni omu 12,906.4.

Mzunguko ndio huo: wati ya DadaRada imekaa juu ya DC yangu, DC yangu imekaa juu ya maikrowevu yake, na wote wawili tumekaa juu ya saa. Maabara ya taifa yenye idara ya umeme na idara ya maikrowevu zisizosalimiana ina shida ambayo itajitokeza kwa wateja.

Sheshe_77

Haya mzee, umenifungua macho, lakini umejichimbia shimo. Kama chipu inatoa volti ileile popote duniani, basi kiwanda kikubwa kinunue chipu, kinunue friji ya kelvini 4, mambo yaishe. Maabara ya taifa ya nini tena? Fizikia si ya taifa.

Mkereketwa_RF

Sheshe leo kaamka vizuri 😂 nakaa pembeni nisome.

MzeeWaOmu

Hoja nzito, na jibu lake lilishatokea kwenye historia.

Kuanzia miaka ya 1970 nchi kadhaa zilikuwa na Josephson. Fizikia moja, chipu sawasawa. Lakini kubadili masafa kuwa volti unahitaji namba ya kugawanya, na hazikuwa na namba moja. Nchi nyingi zilitumia GHz 483,594.0 kwa volti. Marekani 483,593.42. Ufaransa 483,594.64. Umoja wa Kisovyeti 483,596.176. Yaani zilikuwapo volti thabiti kabisa ambazo hazikubaliani, na fizikia haikuwa na la kusema kwa sababu kosa halikuwa la fizikia. Lilikuwa la makubaliano.

Tarehe 1 Januari 1990 wote wakahamia 483,597.9. Volti ya Marekani ilikua kwa sehemu 9.264 kwa milioni kwa usiku mmoja. Rejea iliyokuwa inasoma volti 10 kamili ikawa inasoma 9.99990736. Kwa mota na kontrola hakuna aliyesikia. Kwa watengenezaji wa kalibreta na mita za tarakimu nyingi ilibidi kurekebisha kila rejea, kila cheti na kila programu ya majaribio, huku wateja wao wa nchi nyingine wakirekebisha kwa kiasi tofauti na chao. Kazi hiyo iliratibiwa na maabara za taifa. Chipu isingeweza kuwaandikia wateja barua.

Tarehe 20 Mei 2019 namba za Planck na chaji ya elektroni zikafungwa moja kwa moja, na volti ikasogea tena, safari hii kama sehemu 0.1 kwa milioni: mikrovolti 1 kwenye volti 10. Wenye Josephson na rejea za hali ya juu waliona, wengine wakaendelea na kazi.

La pili ni kwamba chipu ni sahihi, waya zinazotoka kwenye friji siyo. Kutoka kelvini 4 hadi joto la chumba kila kiungo cha metali mbili kinazalisha kivolti chake, kihami kinavuja kidogo, na kelele za redio zinaweza kuharibu ngazi bila wewe kujua. Ndiyo maana hata maabara za taifa zenye Josephson zinalinganisha mifumo yao kwa mifumo na BIPM, ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, Ufaransa, na zikifanya vizuri zinakubaliana ndani ya sehemu chache kati ya bilioni kumi. Kiwanda chenye chipu yake ambacho hakijawahi kulinganishwa na yeyote kina imani nzuri, hakina ushahidi.

MhasibuKiwanda

Na mteja wa nje akisema haitambui maabara yetu ya taifa?

MzeeWaOmu

Mwambie afungue kanzidata ya BIPM. Tarehe 14 Oktoba 1999 wakurugenzi wa maabara za taifa walisaini mapatano ya kutambuana, CIPM MRA. Kila maabara inaorodhesha inachoweza kupima, kwa masafa gani na shaka gani, na orodha hiyo haiingizwi mpaka wenzao wa kanda na wa kanda nyingine waipekue. Afrika tuko chini ya AFRIMETS, umoja wa kanda wa maabara za vipimo. Angalizo ambalo watu wa mauzo hulipuuza: maabara inatambuliwa kwa mstari ulioandikwa tu. Kutambuliwa kwa volti za DC hakuipi utambuzi wa wati kwenye 18 GHz. Kabla hujalipia ugezi wa maikrowevu soma mstari wenyewe, uone masafa yanaishia wapi.

Mgeni_Jukwaani

Mimi nimekuja kwa ajili ya zile wati 40. Nani mkweli?

DadaRada

Turudi huko basi. Kutoka 40 hadi 36 ni desibeli 0.46. Kwa mtu wa DC kosa la asilimia 10 ni aibu. Kwetu sisi halihitaji tapeli.

Hakuna kichwa cha thamista kinachobeba wati 40, vingi mwisho wake ni miliwati 10 hivi. Kwa hiyo katikati kuna atenyueta, tuseme ya desibeli 40, inayoshusha wati 40 hadi miliwati 4. Mita imepelekwa ugezi, ina stika. Je, atenyueta imepelekwa? Mara nyingi jibu ni hapana, watu wanatumia namba iliyochorwa ubavuni. Kukosea desibeli 0.2 kwenye atenyueta ni asilimia karibu 5 ya nguvu. Tena atenyueta ikimeza wati 40 inapata moto, na ikipata moto thamani yake inasogea. Aliyepima baada ya sekunde kumi na aliyeacha amplifaya iwake nusu saa hawapimi atenyueta ileile.

Pili, mwakisiko. Amplifaya nyingi za nguvu hazijalingana vizuri na omu 50, ukinzani sanifu wa kebo zetu, upande wa kutokea. Chukua VSWR (kipimo cha mwakisiko) ya 2, mgawo wa mwakisiko ni 0.33. Atenyueta yenye mgawo wa 0.1 inaonekana nzuri tu. Zidisha, unapata 0.033: nguvu inayosomeka inaweza kupanda kwa desibeli 0.28 au kushuka kwa 0.29, kutegemea fazi, na fazi inategemea urefu wa kebo na adapta. Muuzaji akiangukia juu na mnunuzi chini, wametofautiana asilimia 14 kwa vyombo vyenye vyeti halali. Ubishi wao unaingia wote humo ndani na nafasi inabaki.

Kwa hiyo kabla ya kuitana majina: kila mmoja atoe cheti cha atenyueta kwenye masafa husika, migawo ya mwakisiko ya pande zote, na muda wa kuwasha kabla ya kupima. Shaka zao zikipishana bila kugusana ndipo tutafute mwenye kosa. Zikigusana, hakuna kesi. Mkataba ndio uliandikwa vibaya kwa kutotaja shaka.

FundiMita

Dada, hiyo omu 50 ya maikrowevu mnaitoa wapi? Maana kwa Klitzing hamwezi kufika na 18 GHz.

DadaRada

Kwenye rula! Yaani kwenye mita ya urefu. Kiwango chetu ni kipande cha mstari wa koaksia kisicho na chochote ndani ila hewa. Tundu la nje kipenyo milimita 7, fimbo ya ndani milimita 3.04, uwiano huo unakupa omu 50. Ukipima vipenyo umepima ukinzani wa mstari. Fimbo ikikosea mikromita 1 umekosea omu 0.02 hivi. Kwa hiyo maabara ya maikrowevu inakwenda kugonga mlango wa idara ya urefu na vipenyo, na VNA yako kiwandani (mashine ya kupima mwakisiko), ukifuata mnyororo wake hadi juu, unakutana na mtu mwenye kipima-kipenyo.

Ugumu wenyewe unaanza masafa yakipanda. Rada za magari ziko 76 hadi 81 GHz. Konekta ya milimita 1.0, inayofika 110 GHz, mikromita zilezile ndani yake ni sehemu kubwa ya kitu chenyewe. Viwanda vimeshafika huko na maabara nyingi za taifa bado mstari wao kwenye kanzidata unaishia chini sana. Hilo ndilo pengo ninaloliona mimi, kuliko habari ya stika.

Mkereketwa_RF

Watu wa majaribio ya EMC (vyombo kutosumbuana kwa mawimbi) nao wamo. Unaambiwa chombo kistahimili volti 10 kwa mita kuanzia 80 MHz. Ile probu ya uga aliithibitisha nani? Uga wa kuigezia unapigiwa hesabu kutoka kwenye wati iliyoingia antena, geini ya antena na umbali. Wati ileile ya kalorimita. Ikikosea, unafelisha chombo kizima au unapitisha kibovu.

Mgeni_Jukwaani

Asanteni, nimeelewa. Swali la mwisho la kifundi: nafunga konekta kwa mkono au lazima spana ya toki? Na konekta ya aina ya SMA kwenye kebo yenye konekta ya 3.5 mm inaruhusiwa?

DadaRada

Spana ya toki. 3.5 mm ni kama N·m 0.9, konekta ya aina ya N ni kama 1.36, SMA ya shaba 0.56. Zungusha nati tu, mwili wa konekta usizunguke hata kidogo, pini zinasagana. Safisha kwa alkoholi ya aisopropili na kijiti kisichoacha nyuzi, kausha kabla ya kufunga.

SMA inaingia kwenye 3.5 na kwenye 2.92, ila pini za SMA za bei rahisi huwa zimechomoza. Pima kina cha pini kwa geji kwanza. Kwenye seti ya ugezi usiiruhusu kabisa, weka adapta ya kutolea kafara. Na 2.4 usijaribu kuiingiza kwenye 3.5, hazilingani, ukilazimisha unaharibu zote mbili.